Uundaji wa Tela la Kambi na Majina ya Viungo Vyake

Tela ni chombo cha magurudumu kisichokuwa na injini, kikokotwacho na gari. Wengine husema trela, na umbo hilo li karibu zaidi na asili yake ya Kiingereza. Tela ni umbo lililokwisha kulainishwa katika vinywa vya mafundi, nalo ndilo litumikalo hapa. Tela la kambi hubeba hema au kitanda, maji, chakula na jiko, likamfuata msafiri mahali pasipo na lami, penye mchanga, mawe na mito ya kuvukwa kwa miguu ya magurudumu.

Makusudi ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kueleza jinsi chombo hicho kinavyoundwa na mtu asiye na kiwanda; la pili ni kuangalia Kiswahili kina maneno gani ya kuieleza kazi hiyo pasipo kumpoteza anayeifanya. Makusudi hayo mawili hayatengani. Tela lililoundwa au kupakiwa vibaya huweza kulipindua gari linalolikokota, na kosa lenyewe aghalabu haliko katika chuma bali katika jambo ambalo fundi hakuelezwa sawasawa.

Historia ya chombo hiki yafaa kutajwa kwa ufupi. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walianza kuunda matela madogo ya kulala, yenye umbo la tone la maji: mbele ya mviringo, nyuma yanateremka na kuwa membamba, na jiko limefichwa chini ya kifuniko cha nyuma. Mwaka 1947 gazeti la Mechanix Illustrated lilichapa michoro ya tela la namna hiyo ili wasomaji wajiundie wenyewe. Lakini matela hayo yalikuwa ya barabarani. Tela la porini lina mzazi mwingine, nalo ni jeshi. Kampuni ya American Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, iliunda mwaka 1940 gari la kwanza la majaribio la namna iliyokuja kuitwa Jeep. Kandarasi kubwa za magari hayo zikaenda kwa Willys-Overland na Ford, na Bantam ikageukia kuunda matela ya kukokotwa nayo. Kila tela liliwekewa kipimo cha robo tani ya Kimarekani, yaani ratili 500, au kadiri ya kilo 227. Lilikuwa na magurudumu ya ukubwa ule ule wa gari lake, na sanduku lake halikupitisha maji, hata liliweza kuelea. Baada ya vita mengi yaliuzwa kwa raia, nao wakayafanya ya kambi. Leo ufundi huu umeenea sana Marekani, Australia na Afrika Kusini, na wengi wa wanaoufanya ni watu wa kawaida katika nyua zao.

Kazi huanza na kiunzi. Hiki huundwa kwa mabomba ya chuma ya pembe nne; yapendwayo sana kwa tela dogo ni ya milimita 50 kwa 50, yenye unene wa milimita 3. Mabomba mawili marefu huwekwa kandokando, na baina yao hukatiza mengine mafupi. Hayo mafupi yapasa kuitwa mataruma. Taruma kwa waundaji wa vyombo vya pwani ni mti ukazao ubavu wa jahazi. Reli zilipokuja, miti iliyolazwa chini ya vyuma vyake ikaitwa mataruma vile vile. Neno lilihama kutoka baharini hadi nchi kavu bila kupoteza maana yake, kwa kuwa kazi ni ile ile: kukaza, na kuzuia vipande virefu visitawanyike. Hakuna sababu ya kulizuia lisihamie mara ya tatu.

Kuunganisha vyuma hivyo kwahitaji neno lenye mpaka. Kamusi hutaja kulehemu, na neno hilo hutumika kwa namna zote za kuunga madini kwa moto. Gereji zina neno lao, kuchomelea. Yafaa maneno haya mawili yagawiwe kazi. Mfua bati alehemupo bomba la maji, huyeyusha risasi au bati likawa gundi. Chuma chenyewe hakiyeyuki. Achomeleaye kwa umeme huyeyusha kingo za vyuma vyote viwili mpaka vikawa kitu kimoja. Kiunzi cha tela huchomelewa. Mtu akiambiwa akilehemu, na akafuata maana ya kwanza, kitaachana katika shimo la kwanza.

Kutoka mbele ya kiunzi hutokeza mti wa kukokotea. Ijapokuwa ni wa chuma, jina la mti laweza kubaki, kama mlingoti ulivyobaki mlingoti hata katika meli za chuma. Katika matela ya porini mti huu aghalabu huwa wa vyuma viwili vinavyokutana mbele kama kichwa cha mshale. Visikomee kwenye ukingo wa sanduku, bali vipite chini yake na kurudi nyuma mpaka mahali zinaposhikwa springi. Sababu ni kwamba pale mti unapoachana na sanduku ndipo unapopindwa kwa nguvu kuliko mahali pengine. Kwa ajili hiyo pia, fundi mwangalifu hachomelei mstari wa kukata bomba kwa upana mahali hapo, maana ufa hupenda kuanzia kwenye ukingo wa mshono. Huchomelea kwa kufuata urefu wa bomba.

Chini ya kiunzi huja ekseli, habu, beringi, springi na shokomzoba, ambayo wengine huita shokapu. Maneno haya yote ni ya kuazima, na hakuna haja ya kuyaonea haya. Kitu kinunuliwacho dukani huja na jina lake, na fundi wa Mwanza au Mombasa hulitamka bila taabu. Kilicho muhimu ni kazi ya kila kimoja kufahamika. Springi hubeba uzito. Shokomzoba haibebi kitu, hutuliza mrusho wa springi baada ya kila tuta. Tela lenye springi ngumu kupita mzigo wake huruka kama jiwe, likavunja vyombo vilivyomo na kupasua mishono ya kiunzi. Basi springi huchaguliwa kwa uzito ambao tela litakuwa nao hasa, wala si kwa uzito mkubwa uwezao kufikirika.

Magurudumu yafaa yawe ya namna moja na ya gari, yenye idadi moja ya nati na nafasi moja baina ya nati hizo, ili gurudumu moja la akiba liyafae yote. Vile vile nafasi baina ya gurudumu la kushoto na la kulia iwe sawa na ya gari. Katika mchanga au tope, gari hukata mifuo miwili. Tela lenye nafasi hiyo hiyo hupita ndani ya mifuo iliyokwisha kukatwa, na lenye nafasi tofauti hulazimika kukata mipya, na injini hulipa gharama.

Mahali pa kuungia pana namna kadhaa. Ya kawaida ni tufe la chuma lililo kwenye gari, na kikombe kilicho kwenye mti wa tela, kikilifunika. Australia na Ulaya hutumia tufe la milimita 50. Marekani hutumia sana la inchi 2, ambalo limezidi kidogo tu, nalo lisichanganywe na lile. Kikombe hiki hufaa barabarani, lakini katika makorongo gari huinama upande huu na tela upande ule, kikombe kikafika mwisho wa mzunguko wake na kukwama. Jeshi lilitumia pete na kulabu, ambazo huzunguka kwa uhuru zaidi. Siku hizi viko viungo vya porini vinavyozunguka duara kamili, hata tela likipinduka gari hubaki limesimama. Chini ya kiungo hufungwa minyororo miwili, ikapishana kama msalaba, ili kiungo kikifunguka mti wa tela uangukie juu ya minyororo badala ya kujichoma ardhini.

Hapa ndipo linapofikiwa jambo kubwa la kazi yote, nalo ni sehemu ya uzito wa tela inayokandamiza kiungo hicho. Waingereza na Wamarekani wana majina yao; mojawapo, likifasiriwa neno kwa neno, litakuwa “uzito wa ulimi”. Mswahili akisikia hivyo atamwazia mtu asiyeweza kusema upesi. Walakini jambo lenyewe si geni hata kidogo kwa watu wanaotumia magari ya ng'ombe yenye magurudumu mawili. Kila mchungaji wa gari hilo ajua kwamba magunia yakirundikwa nyuma, nira huinuka na kuwakaba ng'ombe. Yakirundikwa mbele, nira huwalemea shingoni. Hupakia basi juu ya ekseli, akazidisha kidogo upande wa mbele, ili nira itulie mahali pake. Tela la gari lina kanuni hiyo hiyo, na jina lifaalo ni mzigo wa nira.

Kiasi kinachofuatwa sana Marekani ni kwamba mzigo wa nira uwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Mfano utaonyesha jinsi kinavyopatikana. Tela lina uzito wa kilo 600, na kutoka ekseli hadi kiungo ni mita 2.5. Kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo tela lote lingesimama sawasawa likiegemezwa hapo tu, ki sentimita 30 mbele ya ekseli. Zidisha 600 kwa 0.3, ugawanye kwa 2.5, jawabu ni kilo 72, yaani asilimia 12. Tela hili ni zuri. Sasa mwenyewe aongeza tanki la maji la lita 60, na kwa kuwa nyuma pana nafasi, alifunga mita 1.2 nyuma ya ekseli. Ukiacha uzito wa tanki tupu, tela limekuwa la kilo 660, lakini mzigo wa nira umeshuka hadi kilo 43, yaani asilimia 6 na nusu tu. Ameongeza uzito na kupunguza utulivu kwa pigo moja. Angalilifunga tanki lile lile sentimita 20 mbele ya ekseli, mzigo wa nira ungalikuwa kadiri ya kilo 77, karibu asilimia 12, na maji yakiisha ungalirudi 72 bila kudhuru kitu.

Tela lenye nira nyepesi mno huonekana jema kwa mwendo wa polepole. Mwendo ukizidi huanza kutikisa mkia kushoto na kulia, na kila mtikiso huwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka gari lenyewe likavutwa kando. Hapa pia bahari imekwisha kutoa neno: chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu huenda mrama. Leo wengi husema mambo yamekwenda mrama bila kukumbuka jahazi. Neno laweza kurudishiwa mwili wake. Tela likienda mrama, dereva huondoa mguu kwenye mafuta na kushika usukani imara, wala hakanyagi breki za gari kwa ghafula. Dawa yenyewe ilikuwa nyumbani, wakati wa kupakia.

Sanduku huundwa kwa plaiwudi au bati la alumini, na mishono yake yote hujazwa utomvu wa mpira. Kazi hiyo ni kalafati halisi, isipokuwa adui wa tela ni vumbi kuliko maji. Tela liendapo hunyonya vumbi kwa nyuma, ambako hewa imepungua nguvu. Hivyo mafundi wa Australia hutoboa tundu lenye chujio mbele au juu, upepo uingie humo na kulisukuma vumbi nje kwenye nyufa za milango.

Sheria nazo zina neno lake. Ulaya na Australia, tela lisilozidi kilo 750 laruhusiwa kwenda bila breki zake lenyewe. Likizidi hapo lazima liwe nazo. Aundaye nyumbani huko Australia hupaswa pia kufuata kanuni za serikali kuhusu taa, upana na alama za utambulisho, sawa na kiwanda.

Kabla ya safari ya kwanza, tela hupakiwa kila kitu na kusimamishwa mahali tambarare. Mizani ya kupimia watu huwekwa chini ya kiungo, na juu ya mizani kipande cha mti chenye kimo cha kulifanya tela likae sawa. Namba isomwayo hapo ndiyo mzigo wa nira. Ikiwa ni ndogo, vitu husogezwa mbele. Ikiwa ni kubwa, hurudishwa nyuma. Kisha hupimwa tena.

Katika kazi hii yote, maneno yaliyoazimwa ni yale ya vitu: ekseli, beringi, shokomzoba. Maneno ya kanuni, yanayoeleza jinsi vitu hivyo vinavyosaidiana au kudhuriana, yalikwishakuwamo katika lugha, baharini na katika magari ya ng'ombe: taruma, kalafati, mrama, nira. Mwenye kutunga istilahi za ufundi atafanya vema aanze kwa kuuliza ni kazi gani ya zamani iliyokutana na nguvu hiyo hiyo, kabla ya kufungua kamusi ya lugha ya kigeni. Mtu aliyeambiwa “mzigo wa nira” ajua mara moja aangalie wapi. Na ajuaye pa kuangalia atalisogeza tanki lake la maji kabla ya kuondoka.