Mabingwa wa Zamu Hewani

Kwenye bomba la maji la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania, dumu la lita 20 humshikia mwenyewe nafasi. Mama analipanga kwenye foleni, anarudi kuchochea moto, zamu ikifika anakuja. Vihisi visivyotumia waya navyo vinahitaji utaratibu. Hewa ni moja, wasemaji ni wengi, na wawili wakisema kwa pamoja hakuna anayesikika. Kanuni za kugawana hewa huitwa itifaki za MAC, na mabingwa wake ni hawa.

Mkongwe kuliko wote: ALOHA. Norman Abramson na wenzake walianza kuitumia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971. Ukiwa na neno, sema. Lisipofika, ngoja kidogo urudie. Hata ikijitahidi vipi, asilimia 18.4 tu ya muda wa hewa ndiyo hupitisha ujumbe salama. Lakini bado iko kazini: LoRaWAN, teknolojia ya mtandao wa vihisi iliyotumika kupima matangi ya maji kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, imejengwa juu yake.

Iliyofungua njia ya usingizi: S-MAC, 2002. Redio inayosikiliza kimya hula betri karibu sawa na inayopokea ujumbe. Wei Ye, John Heidemann na Deborah Estrin wakavipangia vihisi jirani ratiba moja ya kulala na kuamka.

Yenye usingizi mzito zaidi: ContikiMAC, 2011. Ya Adam Dunkels. Huchungulia hewani mara kadhaa kwa sekunde, na ikikuta kimya hulala tena. Redio yaweza kuzimwa asilimia 99 ya muda.

Yenye mbio zaidi: ya mtandao wa ZebraNet. Januari 2004, huko Laikipia, Kenya, pundamilia walivalishwa kola zenye redio. Saa za GPS ndizo zilizoziwezesha kola kuamka kwa wakati mmoja.

Yenye nidhamu zaidi: TSCH, 2012. Muda hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 10, na kila mazungumzo yana kipande chake. Hapa ndipo dumu letu lilipo.

Taji apewe nani? Tangi pweke juu ya kilima, lenye neno moja kwa saa, linatosheka na ALOHA. Mamia ya vihisi kambini vinataka TSCH. Mama wa Nyarugusu analijua hilo: bomba likiwa halina watu anakinga tu, watu wakijaa, anapanga dumu.