Mtu Aliyeogopwa kwa Nyimbo Zake

Somo la leo ni habari za Mikis Theodorakis, mtungaji wa muziki wa nchi ya Ugiriki. Kwanza shikeni neno moja: marufuku. Jambo likipigwa marufuku, maana yake limekatazwa kabisa na wenye amri.

Theodorakis alizaliwa mwaka 1925 katika kisiwa cha Chios. Katika Vita Kuu ya Pili Ugiriki ilitekwa na majeshi ya kigeni, naye, angali kijana, akajiunga na watu waliowapinga. Kisha Wagiriki wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Theodorakis alikuwa upande wa Wakomunisti; akafungwa katika kisiwa cha Makronisos, akateswa vibaya.

Mwaka 1954 alikwenda Paris kujifunza zaidi muziki. Baadaye alifanya jambo jipya. Alichukua mashairi ya Yannis Ritsos, mshairi mkubwa, akayatungia muziki wa kupigwa kwa buzuki. Buzuki ni ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, iliyokuwa ikipigwa katika vilabu vya maskini. Baadhi ya wasomi walichukizwa. Lakini watu ambao hawakupata kufungua kitabu cha mashairi sasa waliyaimba kwa moyo.

Tarehe 21 Aprili 1967 wanajeshi walinyakua serikali. Tarehe 1 Juni walitoa amri: kupiga nyimbo za Theodorakis ni marufuku, na mwenye kuvunja amri atahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Mwezi wa Agosti walimkamata mwenyewe, wakamtia kifungoni. Kisha walimpeleka pamoja na mkewe na watoto wake katika kijiji cha Zatouna, huko milimani, akae chini ya ulinzi.

Mwaka 1970 aliachiliwa, akaenda Ufaransa. Hakunyamaza; alizunguka nchi nyingi akipiga muziki wake na kuwatetea wafungwa. Serikali ile ilianguka mwaka 1974, naye akarudi kwao. Alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 96.

Basi, tufikiri pamoja. Kitabu huweza kuchomwa moto, na santuri huweza kuvunjwa. Je, wimbo ulio moyoni mwa mtu, askari ataukamata vipi?

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Marufuku ni nini?
2. Kwa nini Theodorakis alitumia buzuki?
3. Kwa nini wenye bunduki waliogopa nyimbo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.