Namna ya kuteua mashine nafuu ya kuchongea visu nyumbani

VISU, mapanga na miundu ni vifaa visivyokosekana katika maboma ya Nkubu na vijiji jirani, kusini mwa mji wa Meru. Mkulima huvihitaji kukata mikungu ya ndizi na kupogoa michai na mikahawa, naye mwenye bucha hawezi kufungua duka bila kisu chenye makali ya kutegemewa.

Soko hilo ndilo linalowavutia mafundi wa jua kali kuanzisha karakana ndogo nyumbani. Malighafi si haba. Springi za bapa zinazotolewa katika malori makuukuu ni chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha kuwa kigumu kinapopashwa moto hadi kuiva, kisha kuzamishwa katika mafuta. Kinachomkwaza fundi ni kuondoa chuma kilichozidi ili apate umbo na makali.

Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa tupa au grinda ya mkono. Tupa ni nafuu, lakini kisu kimoja huweza kumla fundi kutwa nzima. Grinda nayo ni ya kasi, ila huacha mabonde kwenye bapa la kisu, na diski yake ikivunjika vipande hurushwa kama risasi. Ndiposa fundi anayetaka kuuza visu vinavyofanana huanza kutafuta mashine ya mkanda wa msasa.

Mashine hii ni sahili. Mota huzungusha gurudumu, gurudumu huvuta mkanda wa msasa, nao mkanda hupita juu ya bamba la chuma lililonyooka ambapo fundi huegemeza kisu chake. Gurudumu jingine, linalosukumwa na springi, huukaza mkanda na kuuelekeza usichomoke.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni ukubwa wa mkanda. Mashine ndogo kabisa hutumia mkanda wenye upana wa milimita 25 na urefu wa milimita 762. Bei yake ni ya chini, lakini mota yake ni dhaifu na husimama fundi anapokandamiza chuma kinene. Inafaa kunoa visu vilivyokwisha kutengenezwa kuliko kuchonga vipya.

Zipo pia mashine za mafundi seremala zenye mkanda wa milimita 100 kwa 915. Hizi huweza kulainisha bapa, ila zimeundwa kwa ajili ya mbao, na bamba lake pana humzuia fundi kufikia sehemu zilizopinda karibu na mpini.

Watengenezaji visu katika nchi nyingi wamezoea mkanda wa milimita 50 kwa 1,830. Mkanda mrefu hupoa unapozunguka na hudumu zaidi kwa kuwa chembe zake za kukata ni nyingi. Hata hivyo, kabla ya kununua mashine ya aina yoyote, fundi aulize kwanza mikanda yake inapatikana wapi. Mashine isiyo na mkanda ni chuma chakavu tu.

Jambo la pili ni mota. Kwa mkanda wa milimita 50, nguvu za farasi 1.5 hadi 2 zinatosha. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, tena wa fezi moja. Mota ya fezi tatu, kama zile zinazopatikana katika vinu vingi vya kusaga mahindi, haiwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani. Aidha, mashine iliyoundwa kwa volti 110 za Marekani itaungua ikiunganishwa bila transfoma.

Mota ya nguvu za farasi 2 ikifanya kazi kwa bidii hutumia karibu uniti 2 za umeme kwa saa, na soketi ya kawaida ya ampea 13 huimudu. Ile ya nguvu za farasi 3 hukaribia kikomo cha soketi hiyo. Muhimu pia ni kwamba mota iwe imefungwa pande zote, kwani vumbi la chuma hupitisha umeme na likiingia ndani huiunguza.

Tatu ni kasi. Mota huzunguka takriban mara 1,440 au 2,880 kwa dakika. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 100 likifungwa kwenye mota ya kasi ndogo, mkanda utakwenda mita 450 kwa dakika. Likifungwa kwenye mota ya kasi kubwa, utakwenda mita 900. Kasi ya juu huondoa chuma haraka lakini pia huunguza kisu haraka. Kwa anayeanza, mota ya mizunguko 1,440 yenye gurudumu la milimita 150, ambayo hutoa mita 680 hivi, ni njia ya kati na kati.

Je, ni heri kununua au kuunda? Mashine inayoagizwa kutoka ng'ambo huongezewa gharama za usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya VAT ya asilimia 16. Fundi anayejua kuchomelea anaweza kuunda fremu kwa vyuma vya mraba, akamwachia mkerezaji kazi ya magurudumu. Gurudumu la kuelekeza mkanda sharti liwe limeinuka kidogo katikati, la sivyo mkanda utateleza pembeni. Mota ya mashine ya kukatia ng'ombe nyasi huweza kutumika ikiwa ni ya fezi moja, bora kasi yake ipigiwe hesabu kwanza.

Gharama isiyoonekana dukani ni ya mikanda yenyewe. Kisu kimoja huhitaji mkanda wa namba 36 au 60 wa kutoa umbo, wa 120 wa kusawazisha, na wa 220 au 400 wa kumalizia. Ile yenye mgongo wa karatasi hukatika upesi kwenye chuma. Inayofaa ni ya kitambaa. Mkanda uliokwisha makali usilazimishwe, maana hausagi bali huzalisha joto.

Joto hilo ndilo adui mkubwa wa kisu. Makali yakigeuka rangi ya buluu, yamefikia nyuzi 300 hivi za Selsiasi na ugumu wake umepungua. Kisu cha namna hiyo hung'aa dukani, lakini hugeuka butu siku ya kwanza machinjioni, na mteja harudi tena. Dawa yake ni ndoo ya maji karibu na mashine, na kukichovya kisu kila baada ya kupitisha mara moja au mbili.

Mwisho ni usalama. Miwani ya kinga na barakoa ya kuzuia vumbi ni sehemu ya bei ya mashine. Nguo zinazoning'inia na glavu za kitambaa hunaswa na mkanda. Cheche zisielekezwe penye vumbi la mbao la vipini, kwani moto huweza kufukuta humo kwa saa kadhaa kabla ya kuwaka. Fremu nayo iunganishwe na waya wa ardhi.

Kwa hivyo, fundi mwenye akiba ndogo aanze kwa kutenga fedha za kinga na za mikanda ya miezi michache, kisha atafute mota nzuri. Kitakachobaki ndicho cha fremu, kwa kuwa fremu huweza kuboreshwa baadaye, lakini jicho lililopofuka halina kipuri.