Wimbo mpya wa fanfari ya Bengamisa: kununua, kuagiza au kutunga wenyewe?

Kila jubilei ya parokia na kila sherehe ya shule huleta swali lile lile kwenye kamati ya fanfari: tupige nini kipya, na kitatugharimu kiasi gani? Kwa kikundi kilicho Bengamisa, kilomita kama 50 kaskazini ya Kisangani kwenye barabara ya Banalia na Buta, swali hilo lina uzito zaidi, maana nakala ya karatasi, mafuta ya vali na mwanzi wa saksofoni vyote hufuatwa mjini. Na vijana wanaotazama kwenye simu gwaride za Scotland, zumari ya mfuko ikilia juu ya bendi nzima, huuliza kwa nini nasi tusiwe nayo.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wapigaji 25 kinachotaka kipande kipya cha dakika nne. Kina njia tatu, na kila moja ina bei inayoonekana na nyingine iliyojificha.

Njia ya kwanza: kununua nota zilizo tayari

Seti ya nota za bendi kutoka kwa wachapishaji wa Marekani au Ulaya kwa kawaida huuzwa kati ya dola 60 na 150, pamoja na nota kuu ya kiongozi na karatasi za kila chombo. Ukinunua kwa njia ya intaneti, faili hufika siku hiyo hiyo. Kazi imekwisha kujaribiwa na bendi nyingine, kwa hiyo hutakuta sauti isiyopigika.

Gharama iliyojificha iko kwenye vyombo. Seti hizo huandikwa kwa bendi yenye filimbi za chuma, klarineti, oboe, fagoti na honi. Fanfari zetu nyingi zina tarumbeta, tromboni, saksofoni, tuba na ngoma. Unalipia karatasi ambazo hakuna wa kuzisoma, na wimbo wenyewe unabaki na mapengo pale klarineti zilipotakiwa kubeba sauti. Kuzipanga upya nota hizo kwa vyombo vyako kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Hata "Highland Cathedral", wimbo maarufu wa zumari unaodhaniwa na wengi kuwa wa kale, ulitungwa mwaka 1982 na Wajerumani wawili, Ulrich Roever na Michael Korb, na bado una wenyewe.

Njia ya pili: kuagiza kwa mtunzi

Mtunzi mzoefu wa Marekani au Ulaya hudai mamia ya dola kwa dakika moja ya muziki wa bendi. Kwa dakika nne, hesabu hupita dola elfu moja kwa urahisi. Huko ndiko serikali na majeshi huweza kwenda. Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, ni mfano mzuri: Sultani Qaboos alisoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst na kutumikia kwa muda katika kikosi cha Kiskoti, na chini ya utawala wake majeshi na polisi walijenga bendi za zumari na za shaba zinazopiga pamoja. Lakini nyuma ya sauti ile kuna hazina ya taifa.

Kwa Bengamisa, mtunzi wa kutafuta ni kiongozi wa kwaya au wa fanfari aliyeko Kisangani. Bei ni ya kukubaliana, ila usikubaliane kwa mdomo tu. Andikeni karatasi moja inayotaja mambo matano: urefu wa kipande, orodha ya vyombo mlivyonavyo, sauti ya juu kabisa ambayo tarumbeta ya kwanza inaifikia bila kukwama, kwamba karatasi za kila mpigaji zimo ndani ya bei, na kwamba mtunzi atarekebisha mara moja baada ya kusikia mazoezi. Lipeni nusu mwanzoni na nusu baada ya mazoezi hayo. Jina la mtunzi libaki juu ya nota daima, na kazi iandikishwe SOCODA, shirika la haki za watunzi nchini mwetu.

Njia ya tatu: kutunga wenyewe

Hapa pesa hupungua na jasho huongezeka. Programu ya MuseScore ni ya bure, haina mpaka wa idadi ya vyombo, na ikishawekwa kwenye kompyuta huandika nota bila intaneti. Sibelius na Dorico zina matoleo ya bure, lakini hupunguza idadi ya vyombo, na matoleo kamili hulipiwa. Programu ya Finale msiianze kabisa: watengenezaji wake walitangaza Agosti 2024 kwamba wameacha kuiendeleza.

Asiye na kompyuta hajafungiwa mlango. Solfa, ile ya herufi d, r, m ambayo kwaya nyingi za Kiprotestanti huiimbia, huandikwa kwa kalamu kwenye daftari la kawaida. Kwa kuwa d huhama pamoja na ufunguo, karatasi moja ya solfa inaweza kusomwa na tarumbeta na saksofoni, kila mmoja akianza kwenye d yake. Udhaifu wake ni mapigo: midundo iliyopishana huandikika kwa shida, na hapo ni afadhali kuifundisha kwa kusikia.

Njia hii si ndoto. Orkestra ya Simfonia ya Kimbanguiste, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, ilianza na wapigaji wasio na mafunzo, wakipokezana vyombo vichache na kunakili nota kwa mkono. Leo inajulikana duniani, na Diangienda mwenyewe hutunga.

Je, zumari ya mfuko?

Zumari mpya ya kuaminika kutoka Scotland huanzia karibu dola 1,000, bila usafiri wala ushuru. Zile za Sialkot, Pakistan, huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, lakini nyingi hazishiki sauti. Usinunue bila mpigaji kuijaribu. Ongeza mianzi ya akiba, ambayo unyevu wa misitu ya Tshopo huivimbisha, na ongeza muda: mwanafunzi hukaa miezi mingi kwenye bomba la mazoezi kabla ya kushika mfuko. Inauma zaidi ukijua kwamba zumari bora huchongwa kwa mpingo, mti unaokatwa Tanzania na Msumbiji.

Hata ukiipata, ina masharti yake. Ina sauti tisa tu. Haipandi wala haishuki kwa nguvu, na haiwezi kunyamaza katikati ya wimbo, maana mfuko unaendelea kusukuma hewa. Tena zumari nyingi za kisasa hulia juu ya Si bemoli ya bendi, ambayo ni hezi 466, hivyo anayeagiza aombe bomba la sauti lililotengenezwa kwa 466, la sivyo fanfari yote itasikika imeshuka.

Sasa angalia faida kwa mtunzi. Zumari ya 466 ikipiga sauti zake tisa, fanfari inakuwa kwenye Mi bemoli. Tarumbeta ya Si bemoli inasoma kwenye Fa, yenye bemoli moja. Saksofoni alto inasoma kwenye Do, bila bemoli wala diezi. Ni funguo rahisi ambazo wapigaji wetu wanazijua. Kwa hiyo mnaweza kupata sauti ya zumari bila kuinunua: saksofoni mbili zishike Si bemoli na Fa mfululizo, zikipokezana pumzi ili mvumo usikatike, na tarumbeta moja ipige wimbo juu yake kwa sauti zile tisa tu. Siku mkipata mgeni mwenye zumari, atachukua nafasi ya tarumbeta bila kubadilisha nota hata moja. Peter Maxwell Davies, katika "An Orkney Wedding, with Sunrise" ya mwaka 1985, aliiweka zumari moja tu mwishoni mwa kazi, na hiyo ikatosha kuwainua wasikilizaji.

Hesabu ya karatasi

Gharama inayosahauliwa kuliko zote ni nakala. Wapigaji 25, kurasa mbili kila mmoja, ni kurasa 50. Nota ya kiongozi huweza kufika kurasa 12. Jumla 62. Wawili wakisoma karatasi moja, nakala zinabaki 13, yaani kurasa 26, na pamoja na nota ya kiongozi ni 38. Zidisheni kwa bei ya duka la nakala mjini, ongezeni nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi, na muweke akiba ya kuchapisha upya sehemu zitakazosahihishwa. Safari moja iliyopangwa vizuri ni nafuu kuliko tatu za dharura.

Uamuzi

Kama sherehe iko wiki chache mbele na vyombo vyenu vinalingana na orodha ya seti, nunueni. Kama mna miezi na fedha kidogo, mpeni kazi mtunzi wa Kisangani kwa mkataba wa maandishi. Pesa inabaki nyumbani na wimbo unaandikwa kwa midomo na vidole vya watu anaowajua. Kama hazina ya kamati ni tupu, anzeni wenyewe kwa solfa au MuseScore, mkiwa na wimbo mmoja wa dakika mbili. Dola 1,000 za zumari zisitoke kabla ya kila tarumbeta kuwa na vali nzima, na kila kijana wa fanfari kuwa na karatasi yake ya kusoma.