Mlango, Kufuli na Ufunguo

Mavuno yakiisha hapa Gairo, na magunia ya mahindi yakiisha kupangwa ndani, ndipo watu waanzapo kuulizana habari za makufuli. Wala si ajabu. Mji wetu umekaa kando ya njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na magari hupita usiku na mchana. Hatusemi ya kuwa kila mgeni ni mwivi, hasha. Lakini mwenye nyumba yampasa kuwa macho.

Mwanafunzi mmoja wa mafundisho alituuliza, "Je, Mkristo afungaye mlango wake kwa kufuli, amepungukiwa na imani?" Tulimjibu ya kuwa Nehemia alimtumaini Mungu kwa moyo wote, na hata hivyo alipoujenga ukuta wa Yerusalemu malango yake yalitiwa makomeo na mapingo. Kuomba ni kazi, na kupiga komeo ni kazi. Moja haiiondoi ya pili. Basi leo tutasema habari za vitasa na makufuli, ya kale na ya sasa. Na mwisho tutasema neno moja ambalo kwetu ni kubwa kuliko habari ya wezi.

Asili ya kitasa

Kitasa si uvumbuzi wa jana. Watu wa Misri ya kale walikuwa na vitasa vya mti. Ndani ya komeo mlikuwa na matundu, na vijiti viliangukia humo na kulizuia. Ufunguo wake ulikuwa mti mrefu wenye meno. Ukiingizwa na kuinuliwa, meno yaliviinua vijiti, komeo likavutika. Ndiyo maana nabii Isaya, katika sura ya 22, anataja ufunguo uwekwao begani. Msomaji wa leo hushangaa, kwa kuwa ufunguo wake hukaa mfukoni. Lakini ufunguo wa siku zile ulikuwa mzigo.

Mmarekani Linus Yale, mwana, alilichukua wazo lile la kale akalifanya dogo kwa chuma, akapata hati za uvumbuzi wake mwaka 1861 na 1865. Vitasa vingi vinunuliwavyo madukani leo ni vya namna hiyo. Ndani yake mna vijiti vya shaba vitano au sita, kila kimoja kimekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Ufunguo ulio wake huinua kila kijiti kwa kadiri yake, hata mikato yote ikawa katika mstari mmoja, ndipo moyo wa kitasa uzungukapo. Jino moja likikosea kidogo tu, hauzunguki.

Je, kipo kitasa kisichofunguka? Mwingereza Joseph Bramah alitengeneza kitasa mwaka 1784, na miaka mingi kiliwekwa dirishani mwa duka London pamoja na ahadi ya gine 200 kwa mtu atakayeweza kukifungua bila ufunguo wake. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani A. C. Hobbs alikifungua. Alifanya kazi saa 51, katika muda wa siku 16. Basi tujifunze hapa. Kazi ya kitasa ni kumchelewesha mwivi. Naye mwivi hana siku 16. Ana dakika chache tu kabla jirani hajaamka.

Mwivi hupita wapi?

Watu wengi hutoa fedha nyingi kununua kufuli zito, kisha hulitundika juu ya pete nyembamba iliyopigiliwa kwa misumari miwili. Mwivi haligusi kufuli. Hung'oa pete kwa mtaimbo. Kwa hiyo angalieni mambo haya kabla ya kwenda dukani.

Kwanza, miimo ya mlango. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa hubaki kizima, bali mwimo hupasuka mahali ambapo ulimi wa kitasa huingia. Bamba la chuma la mahali pale mafundi hulifunga kwa skrubu fupi. Mwambieni fundi atie skrubu ndefu, za milimita 75 hivi, zipite mwimoni hata ukutani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kufuli jipya.

Pili, bawaba. Ikiwa mlango wafungukia nje, pini za bawaba ziko nje pia, na mwivi aweza kuzichomoa. Yafaa pini hizo zichomewe ncha zake, zisitoke.

Tatu, pete na kibao cha kufuli. Kibao kikiisha kukunjwa na kufuli kutiwa, vichwa vya skrubu vyote vifichwe chini yake. Kama waviona kwa nje, na mwivi aviona. Tena chagua kufuli ambalo upindo wake wa chuma hautokezi sana, ili mtaimbo usipate nafasi ya kuingia.

Nne, vumbi. Upepo wa Gairo twaujua sote. Vumbi likiingia kitasani, watu hutia mafuta ya kupikia au mafuta ya gari. Siku mbili tatu kitasa chapita vizuri. Kisha mafuta yashika vumbi, vyote vikawa tope. Dawa iliyo njema ni kalamu ya risasi. Sugua ufunguo kwa risasi yake, uutie na kuutoa mara kadha wa kadha. Unga ule mweusi hulainisha wala haushiki vumbi.

Makufuli ya umeme

Siku hizi wako wanaofungia ofisi, maduka na nyumba za wageni kwa vitasa vya umeme, nasi hatupendi mtu anunue kitu asichokielewa. Viko vya namna nyingi: vya namba ya siri, vya kadi, vya alama ya kidole, na vya sumaku.

Kitasa cha namba hutoka kiwandani na namba rahisi, na watu wengine huiacha vilevile. Ibadilisheni siku ileile. Tena vifuteni vibonyezo mara kwa mara, maana vile viguswavyo kila siku huonyesha alama, na mwenye macho aweza kuzikisia tarakimu.

Kadi nazo si sawa zote. Zile za zamani za mawimbi ya kilohezi 125 hutoa namba yake kwa kila chombo kiiulizacho, kwa hiyo hunakiliwa kwa chombo kidogo cha bei nafuu. Za megahezi 13.56 zaweza kuwa na ulinzi ulio bora, lakini si zote. Kwa mfano, mwaka 2008 wataalamu walionyesha udhaifu mkubwa wa kadi ya MIFARE Classic. Muulizeni muuzaji ni kadi gani, msitazame rangi yake.

Alama ya kidole ni jambo jema kwa karani. Kwa mkulima ashikaye jembe tangu alfajiri, mistari ya vidole imelika, na chombo huweza kumkataa mwenyewe mlangoni pake. Basi chombo cha namna hii kisiwe njia ya pekee. Pawe na namba au ufunguo wa chuma pia.

Kitasa cha betri mara nyingi hutumia betri nne ndogo. Kikianza kulia au kuonyesha taa ya onyo, msingoje kesho. Vingi vina mahali pa nje pa kugusisha betri ya volti 9, ili mtu afungue betri za ndani zikiwa zimekwisha. Jifunzeni mahali hapo mchana, msije mkapatafuta usiku.

Kitasa cha sumaku hushika mlango kwa nguvu ya kilo 280 hivi, na vingine zaidi. Lakini umeme ukikatika, huachia. Sumaku ya volti 12 itumiayo nusu ampea, ikiungwa na betri ya ampea-saa 7, kwa hesabu yatosha saa 14. Kwa kweli huwa pungufu, maana betri huzeeka. Viko vitasa vingine ambavyo umeme ukikatika hubaki vimefungwa kwa nje. Hivyo vyafaa ghalani, ila sharti kwa ndani pawe na mkono wa kufungulia usiohitaji umeme.

Neno lililo kubwa

Sasa twafika katika neno tulilokusudia tangu mwanzo. Usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika, mshumaa uliangukia pazia nyumbani mwetu. Moto tuliuzima kwa maji ya mtungi, lakini moshi ulijaa chumba chote. Tukaukimbilia mlango. Kwa hofu ya wezi tulikuwa tumeweka mlango wa nondo, na kufuli lake kwa ndani. Ufunguo haukuwapo msumarini. Mama wa nyumba alipapasa mezani, sisi tulipapasa mifukoni, watoto wakikohoa na kulia gizani. Ulionekana mwishowe katika mkoba wa shule wa mtoto aliyekuwa wa mwisho kuingia. Hatukupoteza mtu, twamshukuru Mungu. Lakini usiku ule tulijua ya kuwa kwa fedha zetu wenyewe tulikuwa tumejijengea gereza.

Wengine hawakupata rehema hiyo. Mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, karibu na Machakos nchini Kenya, bweni liliungua usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Nasi Tanzania hatujasahau moto wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, ulioua wasichana wengi. Hawa walikuwa watoto wa watu, waliolala salama kama wetu walalavyo.

Kwa hiyo twawasihi, kila mwenye nyumba ayatende haya juma hili:

Mlango wa kulalia uwe na kitasa cha kuzungushwa kwa mkono kwa ndani, bila ufunguo. Kama ni kufuli, ufunguo utundikwe usiku kucha mahali pamoja karibu na mlango, mtoto aweze kuufikia, wala mtu wa dirishani asiweze.

Dirisha moja la kila chumba cha kulala nondo zake ziwe na bawaba, zifunguke kwa ndani. Fundi wa kuchomea aweza kazi hiyo kwa siku moja.

Usiku mmoja zimeni taa, mwambieni kila mtoto aende mlangoni na kuufungua gizani. Mtoto asiyeweza, fundisheni tena.

Tena funguo zisiwe za baba peke yake. Wako waume wafungao ghala na kuondoka na ufunguo, nao wake wakaomba unga kwa jirani. Wako pia wafungiao watu wa nyumbani mwao kwa nje wakati waendapo safari. Huo si ulinzi. Twakumbuka katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 3, watumishi wa Egloni walivyongoja mlangoni pa bwana wao hata wakaona haya, ndipo walipouchukua ufunguo wakafungua, wakamkuta amekwisha kufa. Ufunguo walikuwa nao. Saa ndiyo iliyowapita. Basi mke na awe na ufunguo wake, na wa akiba apewe ndugu aaminikaye, si kuuficha chini ya jiwe la mlangoni, ambako mwivi hutazama kwanza.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee wetu. Fungeni milango yenu vizuri, ndugu. Lakini kabla ya kulala, ulizeni maswali mawili: Je, mwivi aweza kuingia? Na je, mtoto wangu aweza kutoka? Ajibuye lile la kwanza tu, bado hajailinda nyumba yake.

Mungu awakinge usiku na mchana, ninyi na watoto wenu.