Jicho la Nyumbani: La Kukodi au Letu Wenyewe?

Katika chumba cha mama yetu mzazi, hapa Aveba, tuliweka kamera ndogo, ukubwa wake kama kikombe cha chai. Mama ni mzee, miguu imeishiwa nguvu, nasi mume na mke tu watu wa kazi: mmoja yuko shuleni, mwingine shambani. Mchana alishinda na msichana wa ukoo wetu, mtoto wa binamu, aliyelala pia chumbani humo. Ndugu yetu aliye ng'ambo ndiye aliyetuletea kamera hiyo kwa mapendo, akajitwika na ada yake ya kila mwezi, dola 4, akiilipa kwa kadi yake ya benki, maana sisi hatuna kadi ya namna hiyo. Wakati wa mapumziko ya shule twaliweza kufungua simu na kumwona mama akinywa uji. Tulimshukuru Mungu kwa maarifa haya.

Basi, Septemba moja muda wa kadi ya ndugu ukaisha, naye hakuikumbuka kamera. Taa yake iliendelea kuwaka, na mama alionekana katika simu kama kawaida. Kilichokoma ni kumbukumbu: kamera iliona, lakini haikuweka tena kitu. Nasi hatukujua.

Wiki ile ile mama akaanguka. Tuliporudi tulimkuta kitandani, paji la uso limevimba, na msichana analia. Alisema mama alijaribu kuamka mwenyewe wakati yeye amekwenda kuteka maji. Shangazi zetu walisema alimwacha tangu asubuhi. Mmoja akasema neno baya zaidi, kwamba alimsukuma. Mama mwenyewe akili zake huja na kwenda, na siku ile zilikuwa zimekwenda. Tukafungua simu ili haki ijulikane, tukakuta tangazo la kampuni likitudai ada kwanza. Ndugu alilipa usiku ule ule. Haikufaa kitu, kwa sababu picha za siku zisizolipiwa hazikuwa zimewekwa popote. Msichana alirudishwa kwao Gety kwa aibu, na sisi tulinyamaza. Kunyamaza huko kulituuma kuliko hasara ya pesa.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza mambo ambayo yafaa mtu ayaulize kabla ya kununua. Kamera ya namna ile haiweki picha ndani ya nyumba. Huzipeleka kwa njia ya intaneti hadi kwenye mashine kubwa za kampuni, pengine bara jingine kabisa, na simu yako huzifuata huko. Wenyewe wapaita mahali hapo wingu, ati, kana kwamba ni mbinguni. Mtu alipaye ada amekodi nafasi katika ghala la mwingine, na ufunguo wa ghala anao mwenye ghala.

Wala wenye maghala hayo si malaika. Mwezi wa Mei 2023 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya Ring, iliyo mali ya Amazon, kwa kuwaachia wafanyakazi wake kutazama picha za ndani ya nyumba za wateja. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024 kampuni nyingine ya huko, Wyze, ilikiri kwamba wateja wapata 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao. Na Aprili 2022 kampuni iitwayo Insteon ilizima mashine zake bila kuwaaga wateja, na vyombo vilivyozitegemea vikapoteza sehemu kubwa ya kazi yake majumbani mwa watu.

Msomaji aliye mbali aweza kudhani kwamba kwetu mambo haya ni mchezo. Lakini walioishi katika nchi hii ya Irumu miaka ya 2002 na 2003 hawahitaji kuelezwa maana ya mgeni kujua nani alala nyumba gani. Bogoro, tunapopita tukienda Bunia, ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na kesi yake ilifika The Hague. Majaji walikuwa na picha na ramani nyingi, hata hivyo Januari 2012 walisafiri hadi Bogoro na hapa Aveba ili wapaone mahali penyewe kwa macho yao. Picha ya nyumba ya mtu ni kitu kizito. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, yasema makao ya mtu hayaingiliwi ovyo; kifungu cha 31 chalinda faragha yake. Naye Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 2024, alitaja miongoni mwa hatari za mashine mpya kuzuka kwa jamii ya kuchunguzana.

Tulikata shauri kuweka ghala nyumbani. Fundi kijana wa Bunia alitupatia kompyuta kuukuu ya kukunja, kioo chake kimepasuka, kwa dola 80. Akatia humo programu mbili zisizouzwa, ambazo mtu yeyote aweza kuzichukua bure: Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na Frigate, ambayo kazi yake ni kupokea picha za kamera na kuziweka. Kamera ya kwanza ilikataa kusema na mashine yoyote isipokuwa ya kampuni yake, ikabidi tununue nyingine kwa dola 30. Anayenunua na aulize dukani kama kamera yajua lugha ya RTSP au ONVIF. Muuzaji asiyeelewa swali hilo, heri kumwacha. Tena neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno yale ya kiwandani.

Hesabu yake ni hii. Kamera yetu hutoa megabiti 1 kwa sekunde, yaani gigabaiti 5.4 kwa mchana wa saa 12. Kuzipeleka ng'ambo kwa intaneti ya simu kungetula mshahara. Kuziweka ndani ya kompyuta hakugharimu faranga hata moja. Picha za siku 7 hazifiki gigabaiti 40, kisha za zamani hujifuta zenyewe. Kompyuta na kamera pamoja hula kama wati 20, na paneli ya jua ya wati 100 pamoja na betri yake yatosha kwa mchana. Usiku twazima, kwa kuwa tupo wenyewe. Lakini asidanganywe mtu: dola 110 tulizotoa ni ada ya miaka miwili na zaidi. Mvua ikishinda siku mbili mfululizo, jicho hufumba. Mwizi akichukua kompyuta, amechukua na picha. Tena hatumwoni mama tukiwa shuleni, maana hatukutaka kufungua mlango wa kutokea nje. Twatazama jioni tu, tukiwa ndani ya nyumba.

Kazi ilipokwisha tulikwenda Gety kumwomba msichana msamaha mbele ya baba yake. Hatukuwa na ushahidi mpya. Tulikuwa tumemjua tangu utoto wake, na hilo lingalitosha siku ile ya kwanza. Baba yake alitusikiliza, akakubali. Tulipomweleza msichana habari za kamera mpya, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba mwalimu, ile ya kwanza ilikuwa inaniona nikivaa?"

Ilikuwa ikimwona. Mwaka mzima alivaa na kuvua mbele ya jicho ambalo hatukumweleza kazi yake, na picha zake zilikwenda tusikokujua. Mke wangu alimjibu ukweli, maana mimi sikuweza.

Amerudi sasa. Kamera tuliiweka mahali alipopachagua yeye: yaona kitanda cha mama na mlango, haioni upande wake. Neno la siri analijua, na siku akitaka kutazama picha zake mwenyewe hatuombi sababu. Kando ya kamera tumepiga msumari, na juu ya msumari kuna kipande cha kitenge. Wakati wa kumwogesha mama hukitwaa, akaifunika.