Ndugu Mtu Mzima Hawezi Kuasiliwa: Njia Zilizobaki Kisheria

Kuasili ni amri ya mahakama inayokata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa, na kuuhamishia kwa mzazi mwingine. Amri ikishatolewa, mtoto huhesabiwa kana kwamba amezaliwa ndani ya ndoa ya aliyemwasili. Haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma, na aliyeasili akifariki bila wosia, mtoto huyo husimama katika mstari mmoja na watoto wa kuzaa.

Tanzania Bara, jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, iliyofuta sheria ya zamani ya kuasili watoto, Sura ya 335. Kifungu cha 4 kinamtaja mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Kwa kuwa sehemu nzima ya kuasili inamhusu mtoto wa maana hiyo, ndugu aliyekwisha kuvuka umri huo hawezi kuasiliwa. Hata kama amekulia katika nyumba hiyo tangu anatambaa, na hata kama pande zote zimekubali, mahakama haina mamlaka ya kutoa amri hiyo.

Katika Kerege, kata ya Wilaya ya Bagamoyo iliyo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam, swali hili lina uzito wa pekee. Wazaramo, Wakwere na Wadoe wa pwani hii walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mtoto kupelekwa kulelewa kwa mjomba, kwa mama mkubwa au kwa bibi ni jambo la kawaida hadi leo, na hakuna anayewaza kwenda mahakamani kwa ajili hiyo. Wakati huohuo mji wa Dar es Salaam umetanuka kuelekea Bunju, Mapinga na mbele zaidi, na mashamba ya mikorosho na minazi yamekatwa viwanja. Shamba ambalo zamani lingemwendea mpwa aliyelilima bila mtu kuuliza, leo linagombewa na ndugu ambao hawajalikanyaga kwa miaka.

Sababu ya sheria kuweka ukomo wa miaka 18 inaeleweka. Kuasili kulibuniwa kumlinda asiyeweza kujilinda, na kipimo cha mahakama ni maslahi ya mtoto. Mtu mzima anaweza kumiliki mali, kusaini mkataba na kuchagua pa kuishi. Kwake hakuna malezi ya kukabidhi. Nchi nyingine zina mtazamo tofauti. Japani, sehemu kubwa ya wanaoasiliwa ni wanaume watu wazima, wanaochukuliwa ili waendeleze jina na biashara ya familia. Ujerumani na Ufaransa zinaruhusu kuasili mtu mzima kwa masharti, na majimbo kadhaa ya Marekani pia. Kenya na Uganda ziko upande mmoja na Tanzania.

Kwa mtoto ambaye bado hajatimiza miaka 18, mlango uko wazi, na hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza nafasi kwa kuchelewa. Hatua ya kwanza ni Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya. Mwombaji anatakiwa kuwa amepita umri wa miaka 25 na kumzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, ingawa ndugu wa damu hulegezewa sharti la umri. Mtoto lazima awe amekaa mikononi mwa mwombaji kwa muda mfululizo uliowekwa. Wazazi walio hai hutoa ridhaa. Mahakama inaweza kuiruka ridhaa hiyo ikiwa mzazi amemtelekeza mtoto, amemtesa au hajulikani alipo. Afisa ustawi wa jamii hutembelea nyumba na kuandika taarifa, mtoto mwenye umri wa kuelewa husikilizwa, na mahakama hujiridhisha kwamba hakuna fedha iliyotolewa ili mtoto atolewe. Amri ikipatikana, huandikwa katika rejesta ya watoto walioasiliwa inayotunzwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Sheria inautambua pia uasili wa wazi kati ya ndugu, ambapo mtoto habanduliwi na watu wake wa asili. Kwa mjomba anayemlea mpwa, huo ndio unaofaa zaidi.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato: mpwa anaandikishwa cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa, na jina la mjomba linajazwa kwenye nafasi ya baba. Kutoa taarifa ya uongo katika usajili wa vizazi ni kosa la jinai. Mbali na adhabu, cheti cha namna hiyo ni silaha mikononi mwa yeyote atakayetaka kupinga mirathi, kwa sababu shahidi mmoja anayemjua mama mzazi anatosha kuufanya ushahidi wote wa mpwa utiliwe shaka, hata ule wa kweli.

Yafaa basi kujiuliza familia inataka nini hasa inaposema inataka kumfanya mtu mzima kuwa mtoto wa nyumba. Mara nyingi inataka mojawapo ya mambo manne: jina, mali, mamlaka ya kushughulikia mambo ya mzee, au matunzo ya ndugu asiyejiweza. Kila moja lina njia yake halali.

Jina ndilo jepesi. Mtu mzima anaweza kuchukua jina la aliyemlea kwa hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nakala yake ndiyo hutumika kurekebisha kitambulisho cha taifa, pasipoti na akaunti za benki. Hati hiyo haigusi nasaba wala urithi.

Mali ndiyo ngumu, na ndiyo inayozaa kesi. Kwa Mtanzania Mwafrika, mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu ili kujua mirathi yake ifuate sheria ipi: ya Kiislamu, ya mila, au Sheria ya Urithi ya India ya 1865 ambayo bado inatumika nchini kwa wengine, Wakristo wengi wakiwemo. Kerege, kama sehemu kubwa ya pwani, Waislamu ni wengi, kwa hiyo sheria ya Kiislamu inastahili maelezo marefu zaidi.

Uislamu unahimiza kulea yatima na mtoto wa ndugu, lakini hauruhusu nasaba ibadilishwe. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, inaelekeza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Mtoto wa kulea harithi kwa sababu ya malezi, na hata undugu wa kunyonya, unaozuia ndoa, hauleti urithi. Zanzibar imelizingatia hilo: Sheria ya Watoto ya 2011 inaitambua kafala, ambayo ni ahadi ya kumtunza, kumsomesha na kumlinda mtoto kama mzazi afanyavyo, bila kugusa nasaba yake.

Zaidi ya hapo, mpwa, yaani mtoto wa dada, hayumo miongoni mwa warithi wenye mafungu wala miongoni mwa asaba, ambao ni jamaa wa upande wa kiumeni wanaochukua kinachobaki. Mtoto wa kiume wa kaka ni asaba. Mtoto wa dada ni ndugu wa upande wa tumbo, na hafikiwi maadamu hao wengine wapo. Mila ya zamani ya pwani hii ilimweka mpwa karibu kabisa na mjomba wake, ilhali fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inamweka mbali. Familia nyingi hulijua hili siku ya kugawana.

Hata hivyo, kutokuwa mrithi kunampa mpwa faida moja kubwa. Wasia wa Kiislamu hauwezi kumpendelea mrithi bila ridhaa ya warithi wengine, lakini asiye mrithi anaweza kuusiwa hadi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya gharama za mazishi na madeni. Chukulia mzee wa Kerege mwenye ekari sita, asiye na mtoto, aliyeacha mke mmoja, kaka mmoja wa baba na mama, na mpwa aliyemlea. Bila wasia, mke hupata robo, yaani ekari moja na nusu, kaka huchukua ekari nne na nusu, na mpwa hapati hata hatua moja. Kukiwa na wasia wa theluthi, mpwa hutangulia na ekari mbili. Katika nne zilizobaki mke hupata moja na kaka tatu. Karatasi moja ndiyo tofauti.

Karatasi hiyo iandikwe kwa uangalifu. Imtaje mpwa kwa majina yake yote matatu na kwa uhusiano wake wa kweli, kwa mfano: mtoto wa dada yangu fulani, niliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Itaje shamba kwa mipaka yake, kaskazini linapakana na nani, kusini na nani, au kwa namba ya kiwanja kama limepimwa. Iwe na tarehe, saini au dole gumba, na mashahidi wasionufaika na chochote kilichoandikwa humo. Sheria ya urithi ya 1865 inataka mashahidi wawili. Tamko la Sheria za Mila la 1963 linataka mashahidi wa ukoo na wa nje ya ukoo, wawili kwa mwusia anayejua kusoma na kuandika, wanne kwa asiyejua. Ikumbukwe kwamba Tamko hilo lilitungwa kwa kufuata mila za koo za upande wa baba, na si kila kipengele chake kinalingana na desturi za watu wa Bagamoyo. Busara ni kuchukua mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, ili wosia usimame kwa kipimo chochote. RITA huandaa na kuhifadhi wosia, na kuuhifadhi huko ni salama kuliko ndani ya sanduku la nguo, ambamo wa kwanza kufungua ndiye huamua kama ulikuwepo.

Anayetaka kutoa zaidi ya theluthi, au asiyetaka kungoja kifo, atumie hiba. Hiba hutolewa mtoaji akiwa hai, na haikamiliki hadi mpokeaji akabidhiwe kitu chenyewe. Kwa shamba la ardhi ya kijiji lisilopimwa, makabidhiano yapitie halmashauri ya kijiji na yaandikwe. Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Mke au mume asisahaulike: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia nyumba ya familia kutolewa bila ridhaa ya mwenza. Hiba nyingi nzuri zimeanguka kwa kukosa saini ya mke aliyekuwa amekaa chumba cha pili.

Kwa mamlaka ya kufuatilia mambo, kama kodi za wapangaji, benki au shauri la ardhi, hati ya uwakala inatosha. Mzee humteua kijana na kutaja mambo anayomruhusu. Uwakala hufa na aliyeutoa, na kijana anayeendelea kuuza viwanja kwa hati hiyo baada ya mazishi anavunja sheria hata kama hajui. Upande wa pili, ndugu mtu mzima aliyepoteza uwezo wa akili hahitaji kuasiliwa ili atunzwe. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali yake, baada ya kuthibitisha hali yake kwa ushahidi wa kitabibu.

Familia zenye jamaa ughaibuni huuliza kama mjomba aliyeko Marekani anaweza kumwasili mpwa mtu mzima ili amchukue. Baadhi ya majimbo yatampa amri hiyo, lakini sheria ya uhamiaji ya shirikisho inamtambua mtoto aliyeasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, au 18 ikiwa ni ndugu wa mtoto mwingine aliyeasiliwa na mzazi huyohuyo. Amri ya mtu mzima haileti viza. Uingereza na Wales maombi hayapokelewi kwa aliyekwisha kutimiza miaka 18.

Mlezi akifariki bila kuacha maandishi yoyote, mpwa huwa na nafasi finyu. Kenya, kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi kinamruhusu mtoto ambaye marehemu alimchukua kama wake, na aliyekuwa akimtegemea hadi kifo, kuomba fungu kama mtegemezi, ingawa mirathi ya Waislamu haifuati sheria hiyo. Tanzania Bara hakuna mlango mpana wa namna hiyo, na ni upungufu unaostahili kurekebishwa, kwa kuwa malezi ya ndugu ndiyo yanayobeba watoto wengi kuliko kituo chochote.

Kinachobaki kwa mpwa ni kudai kilicho chake. Nyumba aliyoijenga kwa fedha zake kwenye shamba la mjomba, na mkopo aliomlipia mzee, ni mambo ya kuwasilishwa kama madai dhidi ya mirathi, na madai hutangulia mgawo. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya mila shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa kawaida likiambatana na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichopendekeza msimamizi. Mahakama hutoa tangazo kabla ya kumteua, na pingamizi huwekwa wakati huo. Stakabadhi za saruji na mabati, ujumbe wa fedha uliotumwa kwa simu, na majirani walioshuhudia ujenzi ni ushahidi unaopokelewa. Vipelekwe mapema, kwa maana msimamizi akishagawa na kufunga hesabu, kulirudisha shauri hilo mezani ni kazi kubwa zaidi.